Mashauri ya Madame Asiye na Jalada

Nikiwa na miaka ishirini na mitatu nilisoma riwaya ya mapenzi, kuanzia ukurasa wa kwanza uliokuwa umebaki hadi wa mwisho, nikidhani ni kitabu cha maelekezo. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu mmoja wa walioshuhudia anakaa hadi leo ng'ambo ya ukuta wangu na atanisahihisha nikianza kujipamba. Kosa lenyewe lilianzia sandukuni. Tonton wangu, yaani mjomba, alikuwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa kilimo Yangambi, na katika nyumba yake ya hapa Kisangani, upande wa Tshopo, ambayo niliachiwa niilinde, kulikuwa na sanduku la bati lenye vitabu: kimoja juu ya magonjwa ya kahawa, kimoja juu ya nafasi ya kuacha kati ya mche na mche wa mpira, viwili juu ya mpunga, na katikati yao kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada wala kurasa kumi na sita za mwanzo. Magonjwa ya kahawa nilikuwa nimeyamaliza. Nikafungua kile kinene. Ukurasa wa kumi na saba ulianza na mama mmoja wa Ulaya ya zamani akimweleza binti wa kaka yake namna ya kuchagua mume, na mimi, niliyekuwa nimetoka tu kusoma namna ya kuchagua mbegu, sikuona kwamba somo limebadilika.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita Georgine alirudi. Mwaka ule wa vita alikuwa amepanga chumba cha nyuma katika parselle yetu, yaani kiwanja chetu, akishona nguo, na tangu aolewe akaenda Butembo hakuwa amekanyaga tena Kisangani. Sasa ni mjane, mwaka wa tatu huu. Binti yake wa mwisho ameanza chuo kikuu hapa, naye alikuja kuangalia mtoto atalala wapi na atakula nini. Pikipiki ilimshusha mlangoni saa nne asubuhi. Akasimama, akaniangalia kuanzia ndala hadi upara, akaniita kaka kama zamani: "Ya Sylvain! Mi nilikuacha kwenye hii kiti." Nilitaka kumpinga, lakini kiti kilikuwa kile kile. Nilichoweza kujibu ni kwamba miguu miwili ya nyuma nimeibadilisha. Akauliza ya kiti au yangu.

Vita nitavieleza kwa ufupi. Walioviona wameshavisimulia, na mimi nilivisikia zaidi kuliko kuviona. Mji ulikuwa mikononi mwa majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kama marafiki kisha yakaanza kuangaliana vibaya, kila moja na mitaa yake, kila moja na vizuizi vyake. Mto ulifungwa, meli za Kinshasa tukazisahau hadi tukasahau sauti ya honi zake. Barabara ya Banalia ilikatika. Mafuta ya gari yalipotea, watu wakaanza kubebwa kwa baiskeli, toleka, hata mgonjwa, hata bibi harusi. Chumvi na sabuni zilishuka kwa ndege uwanja wa Bangboka, kidogo kidogo, kama dawa. Hayo yote yalikuwa mabaya, na sitasema vingine. Lakini lazima nikiri kwamba kwa mtu wa tabia yangu vita vilikuwa kama kibali kilichopigwa mhuri. Kabla yake watu walikuwa wakiniuliza kwa nini sitoki, kijana mzima mwenye diploma ya sekondari, kwa nini siendi kuangalia mpira, kwa nini siendi kwenye matanga ila kama maiti ni wa nyumba ya tatu au karibu zaidi. Askari walipoanza kukamata vijana barabarani, watu wale wale wakaanza kunisifu. Sylvain iko na akili, walisema. Sylvain anabaki kwake. Sikuwa nimebadilisha chochote.

Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili mbele na korido ndefu isiyo na dirisha katikati, halafu barza nyuma iliyotazama uani, na ng'ambo ya ua kile chumba cha Georgine. Hakukaa chumbani. Mashine yake ya kushona aliitoa barzani kila asubuhi kwa ajili ya mwanga, na hapo ndipo kiti changu kilipokuwa. Vitambaa vipya havikuwepo mjini, kwa hiyo kazi yake mwaka ule ilikuwa kugeuza kola. Mtu alileta shati ambalo kola imelika shingoni hadi nyuzi zinaning'inia. Georgine aliibandua, akaipindua, akaishona upya upande usiolika, na mtu akarudi ofisini kama mwenye shati jipya, mradi asiulizwe la mwaka ujao. Mji mzima ulikuwa umegeuzwa kola. Hata langu alilishughulikia, shati langu moja la maana, la bluu, na kabla ya kuanza alinisimamisha uani, akachukua utepe, akanipima shingo. Akapima mara mbili. Akaandika kwa chaki kwenye meza. Nilisimama wima kama mnazi, nikimweleza habari za ugonjwa wa majani ya kahawa. Mimi si mshonaji, na ilinichukua miaka mingi kufikiri kwamba kola ya kugeuza ni ile ile iliyokuwepo, haiongezeki wala haipungui, na shingo haina cha kupimwa.

Ukuta kati yetu na parselle ya pili ulikuwa na tundu la ukubwa wa dirisha dogo, bomba la maji lilipong'olewa, na nyuma ya tundu lile alikuwa Mama Aziza. Alitoka Kindu akiwa bibi harusi, akawa mjane bado kijana, na riziki yake ilikuwa mikate ya kukaanga, ile ya mviringo. Karai lake lilikuwa chini ya tundu kabisa, hivyo mchana wote tulipata moshi wake, harufu yake na maoni yake. Kusoma hakujua, na hakuona kwamba amekosa kitu. Lakini nilipoanza kusoma kile kitabu kwa sauti, ili Georgine asichoke na kola, ni Mama Aziza aliyekuwa wa kwanza kugonga ukuta kwa mwiko. "Sylvain, pandisha sauti. Mafuta inapiga kelele."

Mwandishi hatukumjua jina, liliondoka na jalada. Tulimwita Madame. Kila siku baada ya chakula, Georgine akikanyaga mashine, mmoja wao aliuliza: "Madame anasema nini leo?" nami nikafungua. Kilikuwa kitabu cha mji mdogo wenye mvua nyingi, mabinti watatu wasio na mali, na shangazi yao, ambaye alikuwa na ushauri kwa kila mmoja na ambaye mimi nilimchukua kuwa ndiye Madame mwenyewe anayesema. Nilisoma Kifaransa kwa macho na kukitoa kwa mdomo katika Kiswahili cha hapa kwetu. Maneno niliyatafsiri vizuri, naweza kujisifu. Lakini Kifaransa cha Madame kilikuwa na tabasamu ndani yake, na lile tabasamu mimi nililiacha sandukuni. Madame alipoandika kwamba mwanaume anayesifu supu kabla ya kuionja atamsifu mke wake kwa namna hiyo hiyo, nilitangaza barzani kama mtu anayesoma tangazo la serikali.

"Na yule anaonja mbele ya kusifu?" Mama Aziza akauliza kutoka tunduni.

"Madame hakusema."

"Basi huyu Madame wako hajaolewa. Ile inaonja kwanza ndio mubaya kabisa. Iko na mudomo wa kurudisha sahani."

Georgine alicheka hadi sindano ikakatika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitafuta kama sahani ya kurudishwa imetajwa mbele.

Monsieur Paluku aliingia katika mwaka wetu akiwa na mashati matano. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili, mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mfupi, mwenye duka la jumla kule Makiso ambalo vita vilikuwa vimelifanya duka la chumvi tu. Mtu mwenye chumvi mwaka ule angeweza kuvaa shati jipya kila Jumapili. Yeye akaleta matano ya kugeuzwa kola. Georgine alimheshimu kwa hilo tangu saa ile. Alirudi kuchukua moja, akarudi kuchukua la pili, na ikaonekana wazi kwamba hatayachukua yote kwa pamoja. Mara ya tatu ikawa saa ya chakula. Georgine alikuwa amepika lituma, ndizi zilizopondwa zikaviringwa, na sombe, majani ya muhogo, yenye samaki kidogo. Monsieur Paluku akanawa, akafanya ishara ya msalaba, akatazama sahani ambayo hajaigusa, akasema: "Ii, dada, hii chakula iko muzuri sana."

Nilimtazama Georgine kwa macho ya mtu aliyetabiri. Yeye alikuwa anatazama sahani yake. Ng'ambo ya ukuta mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Mgeni alipoondoka niliwakumbusha, bila haraka, maneno ya Madame juu ya supu.

"Sylvain," Mama Aziza akasema, "mutu anakuja na chumvi, weye unaangalia supu."

Wiki chache baadaye Monsieur Paluku alikuja asubuhi, bila shati, nikimaanisha bila shati la kushonwa, akaomba kuongea nami faragha. Tulikaa chumba cha mbele, kwenye viti vya tonton ambavyo havikaliwi. Alikaa wima, mikono juu ya magoti. Nayakumbuka maneno yake vizuri kuliko ya Madame. "Bwana Sylvain, katika hii parselle mwanaume ni weye. Georgine hana papa hapa, na Banalia barabara imekufa, siwezi kwenda kwa wakubwa wake. Alors, ninauliza kwako. Iko mutu?" Nikauliza mutu wa namna gani. "Mutu," akasema. "Kwake. Kama iko mutu, mi nachukua mashati yangu ile ingine, narudi kwangu, hakuna maneno." Nilifikiri. Nataka ieleweke kwamba nilifikiri kweli. Nilipita mitaa yote kichwani, yule mwalimu mwenye suruali ya kaki, yule fundi wa baiskeli, nikapima kila mmoja kwa haki. Kisha nikamjibu kama shahidi mwaminifu: "Hapana. Hakuna mutu." Akanishukuru kwa mikono miwili. Alisema atampa Georgine nafasi ya kufikiri hadi mwisho wa juma, kwa sababu yeye mwenyewe ndugu zake walikuwa wanamwita Butembo na kiti kwenye ndege hakingojei.

Kwa hiyo Georgine alikuwa na siku tano za kuamua kama atakwenda kuishi milimani na mtu ambaye alimjua kwa kola zake. Mama yake alikuwa Banalia, umbali ambao kabla ya vita ni wa siku moja na sasa ulikuwa kama wa ng'ambo ya bahari. Hakuwa na wa kumuuliza. Akamuuliza Madame. Alikuja na pasi ya makaa mkononi, akasema tu: "Tafuta pale anasema juu ya mutu wa kwenda mbali." Nikamwambia hatujafika hapo, tukifuata mpangilio tutafika Alhamisi.

Alhamisi hatukuifikia barzani. Yale majeshi mawili yaliacha kuangaliana vibaya yakaanza kupigana, mji ukiwa katikati, na kwa siku sita Kisangani ilipigwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shangazi hapa. Mama Aziza aliruka ukuta wake mwenyewe, mama wa miaka arobaini na tano, na karai mkononi. Tuliingia watatu katika ile korido isiyo na dirisha, magodoro yameegemezwa kwenye milango, ndoo mbili za maji, mikate iliyokauka, na mkate mmoja wa kwanga, wa muhogo, tuliokata kwa uzi ili vipande vilingane. Vumbi la dari lilishuka juu ya kila kitu, hadi nywele za Georgine zikawa za bibi. Siku ya pili Mama Aziza aliishiwa na dua kwa muda, akaniambia: "Soma." Nikamwambia kitabu kiko barzani. Georgine akatambaa, akafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akakileta. Ndiyo, ni yeye. Mimi nilikuwa nimeshika taa.

Nilisoma siku mbili mfululizo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kuongea maishani, nikilala kifudifudi na kitabu chini ya pua. Siku ya nne, karibu saa tano asubuhi, kukawa na kimya, kimya kirefu ambacho masikio yanakiogopa kuliko mlipuko. Hapo ndipo tulipofika mahali Georgine alipopaomba. Binti wa kati wa kile kitabu amechumbiwa na mtu wa mbali, na anamuuliza shangazi kama ni lazima kumpenda. Shangazi anamjibu, nami nikatafsiri polepole ili nisikose kitu: mapenzi ni kama mafua, yanakushika kwa upepo mmoja na kukuacha kwa supu mbili, nyumba ya matofali inabaki. Nikatulia ili yaingie. Niliona ni maneno mazito, na kwamba yanafaa hasa kwa watu waliookolewa na korido ya matofali.

Georgine alikuwa amelala upande wa pili wa korido, hatua mbili kutoka kwangu, shavu juu ya mkono. Aliinua kichwa. Kisha akasema, akinitazama: "Mi napenda weye."

Hapa inanibidi niwaeleze wasomaji wa mbali jambo moja la Kiswahili chetu. Watu wa pwani, naambiwa, wana kutaka na wana kupenda, kila neno na kazi yake. Sisi wa Kisangani tumekaa nyumba moja na Kilingala kwa muda mrefu, nacho kina neno moja la yote mawili, basi nasi tumeyatia yote ndani ya kupenda. Napenda maji. Napenda chumvi. Napenda uende sokoni. Mama Aziza akichoshwa na mteja humwambia, mi napenda weye utoke hapa, na hakuna anayedhani amependwa. Neno likishaomba chumvi mchana kutwa, sikio haliliamkii tena. Linangoja tu kinachofuata. Mi napenda weye uzime taa. Mi napenda weye usogee. Mimi nilingoja kinachofuata. Nilingoja kwa adabu kabisa, kidole kikiwa juu ya mstari ili nisipoteze mahali. Kilipochelewa nikamsaidia.

"Nifanye nini?" nikauliza.

Mama Aziza alikohoa. Nilidhani ni vumbi. Georgine akageuza uso akatazama dari, akasema: "Umalize chapitre."

Nikaimaliza sura ile.

Siku ya sita ilipopita na watu wakaanza kutoka kama mchwa, wa kwanza kugonga kwetu alikuwa Monsieur Paluku. Alikuwa ametembea kutoka Makiso, katikati ya maiti na nyaya za umeme zilizolala barabarani, akapita vizuizi vya pande zote mbili, amevaa shati jeupe la kola iliyogeuzwa ambalo halikuwa jeupe tena. Begani alibeba mfuko wa chumvi. Hakusema neno lolote la ndoa. Aliuliza kama tuko wote watatu. Georgine alimtazama miguu, ambayo ilikuwa na kiatu kimoja, akaingia ndani akamletea maji ya kunawa, akapiga magoti akamnawisha mwenyewe. Alipoinuka alikuwa ameshamjibu, na kila mtu uani alilijua hilo isipokuwa mimi, ambaye niliarifiwa rasmi jioni. Sikuumia, au nilidhani sikuumia. Niliona tu kwamba Madame amesikilizwa, nikajisikia mtu mwenye msaada. Kule Bangboka sikwenda kuwasindikiza. Ilikuwa mbali, na vizuizi vilikuwa vingi. Niliwaaga mlangoni. Georgine alikuwa juu ya toleka, kichwa cha mashine ya kushona kimefungwa mbele yake kama mtoto. Akasema: "Ya Sylvain, weye ukimaliza kitabu, uniambie ile shangazi ilifika wapi."

Nilimaliza wiki tatu baadaye, barzani, peke yangu, bila kelele ya mashine. Shangazi alifika katika nyumba yake ya matofali. Alikuwa ameketi mbele ya dirisha lililofungwa akimweleza paka wake ubora wa pazia, na paka akatoka. Nikasoma mara mbili. Kisha nikarudi ukurasa wa kumi na saba nikaanza upya, na safari hii nikamsikia Madame anacheka. Alikuwa amecheka tangu mwanzo, katika kila mstari ambao mimi niliutangaza kama sheria. Juu ya supu alikuwa anacheka. Juu ya mafua alikuwa anacheka, na cheko lile halikuwa zuri, lilikuwa la mtu anayejua. Nilikwenda tunduni nikamwambia Mama Aziza kwamba kumbe shangazi alikuwa mjinga wa kitabu. Akageuza mkate mmoja, akageuza wa pili. "Ile wote tulijua," akasema. "Tulikuwa tunangoja weye."

Nimekuwa na miaka ya kutosha ya kufikiri juu ya hayo, nikiwa nimekaa. Niliwahi kuoa, baadaye. Ilidumu misimu minne ya mvua, na yule mama, ambaye simlaumu, alisema kuishi nami ni kama kuolewa na kabati, inasimama vizuri lakini haiendi mahali. Angeweza kuandika kitabu. Sijui kama Madame alipata kuolewa. Nadhani alijua mambo mawili tu juu ya ndoa, kwamba watu huisemea sana wakiwa hawaijui, na kwamba anayetoa ushauri huwa ameketi. La kwanza nililisoma kitabuni. La pili nililiona kwenye kiti hiki.

Mwezi uliopita, basi, Georgine aliketi barzani mahali mashine ilipokuwa. Nilipika lituma mwenyewe, maana kukaa nyumbani miaka yote hii kumenipa ustadi. Alisema iko muzuri kabla hajaonja, kisha akasikia alichosema, akaweka mkono mdomoni, tukacheka wote wawili hadi mwiko ukagonga ukuta. Nilimuuliza juu ya marehemu. "Alisifu kila sahani mbele ya kuonja," akasema. "Kila siku, mupaka siku ile alianguka. Mi ikabidi nijifunze kupika muzuri, juu asikuwe muongo." Akafuta vidole. "Alikuwa mutu muzuri, Sylvain. Ile siku alikuja na kiatu moja, ningekataa namna gani?" Nikakubali kwamba haikuwezekana. Akaomba kuona kitabu. Nikakileta; nilikuwa nimekifunika kwa gamba la kalenda. Akakifungua alipotaka, akapapasa ukurasa ambao bado una vumbi la dari kwenye mshono, akakifunga.

Alipanga kuondoka Jumamosi. Jumamosi asubuhi alipita kuaga, pikipiki ikingoja mlangoni na injini inawaka. Aliongea na Mama Aziza tunduni, ambaye sasa ana miaka sabini na kitu na hakaangi tena ila kwa kuwakosoa wajukuu. Akaongea nami juu ya binti yake, kwamba hosteli haimpendezi, kwamba Butembo siku hizi hakuna usingizi, kwamba mashine yake bado inashona. Akatazama ng'ambo ya ua. Kisha akasema, akifunga vizuri kitambaa cha kichwa: "Sylvain, mi napenda kujua. Ile chumba yangu, iko na mutu?"

Nataka ieleweke kwamba nilifikiri. Nilitazama mlango wa chumba kile, nikakumbuka kilichomo, nikajibu kwa ukweli kamili.

"Hapana," nikasema. "Iko na makala ya kupikia. Magunia saba."

Akanitazama. Kisha akacheka, cheko la kukata sindano, akanipiga begani, akapanda pikipiki. Nilimtazama hadi kona. Nikarudi, nikaketi, na nilikuwa nimeanza kujiuliza kwa nini mtu aliyekuja na tiketi ya kurudi anauliza habari za chumba, Mama Aziza alipoweka uso wake wote katika tundu, jambo ambalo halijafanyika tangu aanze kuumwa shingo.

"Sylvain, ile mara ya kwanza hukumusikia, tulisema ni vita. Leo vita iko wapi? Toa makala."